Masaa Waliyoyataka

Tangu asubuhi baba na binti walikuwa mezani wakighushi, kwa kalamu tatu tofauti.

"Usiandike safari za mbali," binti alisema. "Watakushtukia."

"Niandike za wapi, basi?"

"Za karibu karibu. Kwenda na kurudi. Uongo mzuri, baba, ni uongo mnyenyekevu."

Baba, ambaye ni rubani, akaguna, akabadilisha kalamu. Kila saa ambayo rubani amekaa angani huandikwa kwenye daftari lake, na tarehe yake, na ndege yake, na sahihi. Daftari lake la kweli lilikuwa kabatini, chini ya mashuka ya marehemu mkewe. Hili la mezani lilizaliwa juzi.

Haikuwa tabia yake. Lakini shirika lake la zamani lilikuwa limekufa. Wakubwa walioliua walihamia mashirika mengine kwa vyeo vinono zaidi. Marubani walihamia vibarazani. Yeye alibahatika, akapata gari la kusambaza mikate. Leseni yake ya kurusha ndege ilibakiza siku tisa. Zikipita hajapata kazi, basi ni mikate mpaka kaburini.

Alikuwa ameshabisha hodi kwenye mashirika sita. Kote walilifungua daftari lake, wakalifunga, wakamwambia kwa adabu zote: "Masaa yako, mzee, hayatufai." Shirika la leo lilikuwa la saba, na la nane halikuwepo.

Tangazo lao lilikuwa wazi: mshahara hufuata masaa. Walioliandika ni watu wa ofisini, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kurusha hata kishada, lakini bei ya saa ya mwenzao huko mawinguni waliijua mpaka senti ya mwisho.

Mchana binti alimpaka baba yake rangi nyeusi kichwani, akamnyoa ndevu, akarudi nyuma kumtazama.

"Mama angekukana."

"Mama yako alinikubali nikiwa na sura mbaya kuliko hii."

"Mama alikuwa na huruma tu, baba."

Wakacheka. Mlangoni binti akamshika mkono, kicheko kimemwisha. "Usijisahau. Ukijisahau dakika moja tu, umemwaga unga."

Bosi wa ajira alikuwa kwenye kiti cha kuzunguka, chumba kimepoa kama friji. Hakumwangalia usoni, alinyoosha mkono kupokea daftari.

"Masaa mangapi, ndugu?"

Rubani akataja idadi waliyokubaliana na binti yake. Bosi akapekua, akatabasamu kama mtu aliyekipata sokoni alichokifuata.

"Hii ndiyo idadi tunayoitaka sisi. Nenda kajaribiwe."

Jaribio lilikuwa kwenye ndege bandia: chumba cha marubani kilichokatwa na kupachikwa juu ya miguu ya chuma. Hutikisika, hunguruma, huonyesha mawingu dirishani, ila hakijawahi kuondoka sakafuni. Mtahini, mtu mkimya mwenye kalamu sikioni, alikaa kiti cha pembeni.

"Tayari, mzee?"

"Tayari, mkuu."

 Usijisahau, alijiambia. Usijisahau.

Walipaa salama. Kisha mtahini akabonyeza kitufe, injini ya kulia ikazimika. Akabonyeza kingine, mvua. Kingine, upepo wa ubavuni. Kengele zikalia zote kwa mpigo, kama wapangaji wanaogombea bomba moja la maji. Ndege ikalala upande. Uwanja ukapotea mbele ya macho.

Rubani akaukamata usukani. Na hapo ndipo alipojisahau.

Hakujua mikono yake ilifanya nini. Alipozinduka, kengele zilikuwa kimya, na magurudumu yalikuwa yakiigusa lami polepole, kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia begani.

Akajifunika uso kwa viganja. "Nimekwisha," akanong'ona.

 Mtahini aliinua mkono, akazima kinasa sauti. Halafu akalichukua daftari, akalifungua mahali lilipojumlishwa.

"Humu mna masaa mia mbili na arobaini."

"Ndiyo, mkuu."

"Mzee. Humu ndani tupo wawili tu."

 Rubani akasema, kama mtu anayekiri wizi wa kuku: "Elfu kumi na sita."

"Elfu kumi na sita!" Mtahini akashusha pumzi. "Wale wa juu wanayaogopa masaa hayo kuliko wanavyoogopa ajali. Wakiona ulivyotua leo, watakuwa wamepiga hesabu ya mshahara wako kabla hujafungua mkanda. Na mlango ni ule pale."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, usingetua vile."

Akavuta fomu, akaandika kwamba mashine imegoma na jaribio lirudiwe kesho saa nne. Akapiga sahihi, akairudisha kalamu sikioni, kisha akainama karibu na sikio la mwenzake.

"Kesho ukitua, kaka, vunja gurudumu. Mimi nilivunja mawili ndipo wakanichukua."