Usingizi wa Hoza

Siku hizo marehemu alirudishwa kwa familia yake akiwa sauti ndani ya laptopu. Ukifungua mfuniko anaamka, mnaongea. Ukiufunga analala, wala hasikii lolote mpaka umfungue tena.

Mashavu alimpeleka mumewe, Hoza, kwa fundi Salehe kwa sababu kila asubuhi alikuta chaji imekwisha na mashine ina joto kama pasi.

Salehe aliifungua kwa chini, akasoma kumbukumbu za mashine, kisha akamgeukia Mashavu.

"Dada, kidude kinachojua kwamba mfuniko umefungwa kimekufa. Ukifunga, kioo kinazima tu. Mwenyewe halali."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

Mashavu alitafuta kiti akaketi. Mwezi wa tano wazee walikuja nyumbani kuleta posa ya Kilua, jirani aliyetaka kumwoa. Kwa heshima ya marehemu aliufunga mfuniko, akaitandikia laptopu kanga juu, ndipo mazungumzo yakaanza, mezani palepale. Alicheka sana siku ile. Walipomuuliza habari za Hoza, alijibu kwamba amechoka kuongea na mashine.

Salehe akamsogezea laptopu. Mashavu aliufungua mfuniko polepole.

"Umelalaje, mume wangu?" aliuliza, kama alivyouliza kila asubuhi.

"Fofofo," Hoza alijibu, kama alivyojibu kila asubuhi. "Sijasikia kitu."

Mashavu alitaka kuufunga mfuniko, mkono ukakataa.