Kakakuona wa Jiwe

"Usimguse tena, mwana wanje. Mwache atazame katikati," Esteri alisema, akichanganya Kirundi na Kiswahili.

Bazilio aliondoa mikono juu ya jiwe. Ndani yake alikuwa amejikunja mnyama mdogo, urefu wa mkono wa mtoto, mgongo mzima magamba ya mfupa. Wachoma matofali wa Kibondo walimfukua wakichimba udongo, wakamwita kakakuona. Kakakuona akionekana, watu humwekea vitu mbele yake. Atakachokiendea ndicho jibu. Na hawa waliapa kwamba huyu, ingawa ni jiwe, kila asubuhi walimkuta pua imeelekea kwingine.

"Mama Esteri, huyu ni mtambaazi wa kale," Bazilio alisema taratibu. Alikuwa amemaliza chuo miezi minne tu iliyopita, na makumbusho yalimtuma kumchukua mnyama. "Alikufa kabla mtu wa kwanza hajazaliwa. Hajui lolote."

"Aliyekufa zamani hivyo ameshakutana na wengi."

Saidi, mwenye tanuri, aliangua kicheko. "Haya, msomi, mjibu!"

Bazilio akatazama barabarani. Mchana huo gari lingekuja kumchukua mnyama kwenda Dar es Salaam.

Esteri na mumewe, Leonidasi, walipotezana kwenye mto Malagarasi mwaka 1993, wakikimbia Burundi. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Hakuolewa tena, wala hakuomboleza. Kila aliyeingia kutoka mpakani, alimkimbilia amtazame uso.

Alitandika shati la Leonidasi kushoto mwa jiwe. Kulia akalaza panga.

"Nakwenda kisimani. Nikirudi atakuwa ameniambia yuko wapi mume wangu."

Saidi naye akarudi kwenye matofali yake. Bazilio alibaki akilitazama lile panga, akiwaza yaliyotendwa kwa mapanga huko ng'ambo. Moyo ukamuuma. Akainama, akalishika jiwe. Lilikuwa zito, lakini liligeuka upesi, kana kwamba lilikuwa likimngoja. Pua ikagusa kola ya shati.

Esteri alirudi, akatua ndoo. Alipitisha kidole kutoka puani hadi kwenye kola.

"Ego, ndiyo," akasema hatimaye, na machozi yakamtiririka. "Amesema."

Macho ya Bazilio nayo yalilowa. "Sasa utalala kwa amani, mama."

"Nitalala. Angechagua panga, ningejua anarudi. Leonidasi hakai chini kabla hajafyeka migomba yake." Aliliokota shati, akalikunja mikono ndani. "Nichimbie shimo, mwanangu. Mwili wake sina, nitazika hili."