Mistari Miwili Uwanjani

Pikipiki iliyobeba karatasi za kura ilianguka mtoni na mzigo wote ukaenda na maji. Mwenyekiti wa kongamano la chama hakupoteza muda.

"Karatasi hakuna tena! Anayemutaka Assani, nyuma ya Assani. Anayemutaka Clovis, nyuma ya Clovis. Mwenye mustari murefu ndiye mugombea wetu wa urais!"

Wajumbe wakamiminika kwenye uwanja wa parokia, hapo Kasongo. Mama Célestine, mdogo wa mama yake Assani, aliwatangulia wote. Akajipanga nyuma ya Assani, kifua mbele, kitenge cha chama kiunoni.

Assani alipogeuka kutazama, roho nusura imtoke. Mstari wa Clovis ulikuwa umefika getini. Na humo ndani, nani? Roger na wanaume wote wa upande wa Wamaza, watu waliokula mbuzi wake jana na kumwapia kura mchana kweupe!

"Roger!" alifoka. "Nyama yangu haijashuka hata tumboni!"

Roger akatazama viatu vyake.

"Muache, Assani!" Clovis akacheka. "Mbuzi yako iko huku kwangu, iko inasagika pole pole."

Assani akageukia nyuma. "Mama mudogo, wale si waume za binti zako na ndugu zao? Waite basi!"

"Niwaite? Mimi?" Mama Célestine akavuta kitambaa, akajifunika uso. "Mukwe na mama mukwe wanaonana uso kwa uso? Wewe umekuwa muzungu lini?"

"Basi nimekwisha. Kabambare yote nimeizunguka, Salamabila nimelala kwenye matope, kumbe namutafutia Clovis kura!"

Mwenyekiti akainua filimbi. "Nikipuliza, hakuna kuhama!"

Mama Célestine akamtazama Assani. Kisha akatoka mstarini. Akavuka uwanja mbele ya macho ya watu wote, akaenda kujichomeka kwa Clovis, katikati kabisa ya watu wa Wamaza.

Uwanja ukalipuka kwa vicheko.

"Hata mama yake amemukimbia!" Clovis akapiga makofi. "Karibu, mama! Karibu sana!"

Assani akafumba macho kwa aibu.

Alipoyafumbua, makofi ya Clovis yalikuwa yamekatika. Roger, kichwa chini, alikuwa akirudi kinyumenyume mbele ya mama mkwe wake, na wakwe wengine wote wakikanyagana nyuma yake, kila mmoja akitafuta pa kusimama mbali naye. Na mstari mwingine wa kukimbilia ulikuwa mmoja tu.