Kitanda cha Maganga Tanurini

Siku hizi mtu akifa, kitanda chake hupelekwa kuchomwa mkaa, maana mbao hutunza sauti, na moto wa polepole usio na hewa huzitoa zote kwa zamu. Kalunde alileta kitanda cha marehemu mumewe, Maganga, amsikie mara ya mwisho.

Mihambo, mchoma mkaa, alilisiliba tanuri kwa udongo huku akimtania. “Shemeji, ukisikia jina la mwanamke mwingine, tanuri langu usilivunje.”

“Maganga kwa kukoroma kule? Nani angemtaka?”

Moshi mweupe ulitangulia, ukamaliza maji ya mbao. Wa manjano ukaja na mkoromo wenyewe, na Kalunde akacheka hadi machozi. Kikafuata kikohozi, kisha sauti ya Kalunde mwenyewe ya siku ile ya mwisho ya mumewe: “Lala, baba, nipo.”

Moshi ukageuka buluu. Hapo mbao zimekuwa mkaa, na sauti huwa zimekwisha.

“Kalunde,” likasema tanuri. “Mbona joto hivi? Nifungulie.”

Maganga hakuwahi kusema maneno hayo kitandani. Kalunde aliinuka, Mihambo akamshika mkono.

“Ukifungua, hewa itaingia. Atawaka, abaki majivu.”

“Nisipofungua?”

“Atanyamaza. Mke wangu alinyamaza siku ya tatu.”

Safari hii hakuwa akitania. Kalunde alichota udongo, akaziba ufa ilikotokea sauti. Chini ya kiganja chake alihisi mtu akigonga taratibu, kama Maganga alivyogonga mlango alipochelewa kurudi.