Saa Iliyohamia Mlimani

Kwa miaka ishirini na sita Chitemo ndiye aliyetia ufunguo saa ya mnara wa sokoni. Mnara ulipobomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya mlimani, mbele ya ofisi mpya za mji, alikaa mwezi mzima bila kushuka sokoni.

Siku aliposhuka, alimkuta Bi. Sechelela, msusi wa vikapu asiyeona, ameketi mahali pake pa siku zote. Akamsalimu.

Mikono ya Bi. Sechelela ikaacha kusuka. "Chitemo? Kumbe u hai! Kengele ya saa ilipokoma nilijua umekufa. Nimekulilia hapa hapa."

"Sikufa, dada. Mnara wameuhamishia mlimani, kengele haisikiki huku."

"Niliposikia nyundo waliniambia wanaukarabati." Akakipapasa kikapu mapajani. "Kengele ya saa nne ndiyo iliyonirudisha nyumbani kumpa mume wangu dawa. Siku hizi namcheleweshea. Nani aliwakubalia?"

Chitemo angeweza kuwasingizia wakubwa.

"Mimi. Waliniuliza kama saa itastahimili kuhamishwa. Nilikuwa nimechoka na ngazi zile, na kule waliniahidi mashine ya umeme ya kuitia ufunguo. Nikasema itastahimili."

"Hukutufikiria?"

"Sikuwafikiria."

Bi. Sechelela akaweka kikapu chini, akanyoosha mkono. "Nipeleke ulipokuwa mnara."

Akamwongoza hadi kwenye saruji mpya. Mama akavua ndara, akasimama juu ya saruji hiyo, akainua uso kama anayeingoja kengele. Chitemo akabaki amemshika kiwiko, asithubutu kumwambia waondoke.