Sauti ya Ozella Pruitt

“Hapana, hapana, na hapana tena!” Mama Mchungaji Lucretia Stallworth alibwaga kipande cha kambare kwenye unga wa mahindi, unga ukaruka hadi kwenye miwani yake. “Mwizi anapigwa risasi kinyozini, damu chapachapa, na wimbo ule unalia juu ya maiti? Ozella, umechanganyikiwa?”

“Si maiti, ni mwigizaji,” alisema Ozella, akigeuza samaki kwenye mafuta. “Akimaliza kufa anakwenda kula.”

Ilikuwa Jumamosi saa tisa mchana, jikoni mwa kanisa, Memphis. Watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni nje wakisubiri samaki na tambi. Rochelle, binti ya Ozella, alisimama katikati ya wazee hao wawili akiwa na fomu mkononi. Kampuni ya televisheni huko Los Angeles ilikuwa ikitengeneza tamthilia ya wapelelezi wa mwaka 1971, nayo ilitaka “Nimekuwekea Sahani”, rekodi pekee ya Ozella Pruitt. Mwenye sauti alitakiwa kutia saini kabla ya saa kumi na moja. La sivyo, wangeweka wimbo mwingine.

“Mama, tunamwomba ruhusa ya nini?” Rochelle alinong'ona. “Jina lako ndilo liko kwenye rekodi.”

“Bila Lucretia sitii saini.”

“Una miaka sabini na sita! Unangoja wakusikie ukiwa kaburini?”

Ozella aligeuza samaki mwingine. Kuhusu wimbo huo alikuwa hodari wa kunyamaza. Ulitoka mwaka 1969, ukapigwa redioni majuma sita, ukasahaulika, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akiimba. Kwenye kwaya alipiga tari tu. “Sauti ilikauka nilipokuzaa wewe,” ndivyo alivyomwambia Rochelle siku zote, na Rochelle alikua akijiona ana deni lisilolipika.

“Baba yangu alisimamia madhabahu hii miaka thelathini,” Mama Mchungaji aliendelea. “Alivunja redio mbili kwa nyundo kwa sababu ya nyimbo za namna hiyo. Leo anageuka huko aliko.”

“Basi amegeuka vya kutosha, amerudi palepale,” alisema Ozella.

Rochelle hakuwa na muda wa marehemu. Alifungua simu, akaiegemeza kwenye chupa ya pilipili. “Itazame kwanza, Mama Mchungaji. Ndipo uikatae.”

Mama Mchungaji alikunja mikono. Kwenye kioo cha simu, mwizi mwenye kola pana alikimbia mtaani, akaingia kinyozini. Tarumbeta zikaanza. Kisha sauti ya msichana, changa, yenye mikwaruzo kidogo: nimekuwekea sahani, mpenzi, nimeifunika. Mpelelezi akafyatua. Mwizi akaanguka taratibu juu ya nywele zilizonyolewa. Wimbo ukakatika.

“Mbona wameukata?” Mama Mchungaji aliuliza.

“Wanatumia sekunde arobaini tu.”

“Wameukata kabla ya ubeti wa pili! Pale tarumbeta zinaponyamaza na sauti inapanda peke yake! Huyo mwizi angengoja afe hapo, watu wangelia!”

Rochelle alimtazama kwa jicho la pembeni. “Kumbe wimbo wa shetani unaujua hivyo.”

“Adui lazima umjue,” alijibu Mama Mchungaji, akifuta unga kwenye miwani. “Hebu soma hiyo fomu.”

Rochelle alisoma haraka. “Wimbo: ‘Nimekuwekea Sahani’. Mwaka: 1969. Jina la mwimbaji litakaloandikwa mwishoni mwa kipindi: Ozella Pruitt.”

“Litaonekana?”

“Nchi nzima.”

Mafuta yalichemka. Nje mtu alipiga kelele kwamba njaa haina Jumamosi. Mama Mchungaji alimtazama Ozella, naye Ozella akamtazama, bila hata mmoja kupepesa macho.

“Nimechoka, Lucretia,” Ozella alisema kwa upole. “Mimi leo sitii saini, wala sikatai. Amua wewe.”

Mama Mchungaji alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Akanyoosha mkono.

“Lete kalamu.”

Rochelle aliing'ang'ania fomu. “Ukiichana, Mama Mchungaji, kanisa hili hunioni tena.”

“Lete, mtoto wewe.”

Aliilaza fomu kando ya beseni la samaki. Kwa mstari mmoja ulionyooka alilikata jina la Ozella Pruitt, na juu yake, kwa herufi kubwa, akaandika la kwake. Kisha akatia saini.

“Piga picha, tuma,” alisema. “Na uwaambie ubeti wa pili nilishindwa kuuimba studioni mara kumi na moja kabla sijaupata, kwa hiyo waurudishe.”

Rochelle alituma.