Kisiwa cha Katarina

Fundi Duarti, mchora ramani, alikuwa ameshanoa kisu mjane wa Nahodha Fereira alipoingia.

"Nimesikia unakifuta kisiwa cha mume wangu."

Fundi alishindwa kumtazama. Ramani ya ngozi ilikuwa imetandazwa mezani, na katikati ya bahari kilikaa kisiwa kidogo cha kijani, kimeandikwa Katarina. Nahodha alikipa jina la binti yake, asijue kwamba homa ilikuwa imeshamchukua mtoto. Naye akafia safarini, kabla hajarudi kuambiwa; habari za kisiwa zikaletwa na mabaharia wake.

"Merikebu tatu zimepita pale, mama. Ni maji matupu. Marehemu aliona wingu, akadhani nchi kavu."

"Mji mzima ulimpigia kengele kwa kisiwa hiki."

"Najua. Hata mimi nililia siku ile."

Mjane aliweka kidole juu ya kisiwa. Kisha akanyoosha mkono.

"Mwanangu nilimzika peke yangu. Nipe kisu."

Akakwangua herufi moja moja, kisha kisiwa chenyewe, taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu, mpaka ngozi ikabaki nyeupe. Unga wa kijani akaukusanya wote kwenye ncha ya leso, akaifunga fundo.

Mlangoni akageuka. "Usije ukachora samaki hapo, Fundi, kama mnavyojaza bahari tupu."

Alipoondoka, Fundi alichovya brashi kwenye rangi ya bahari, akainama juu ya lile doa jeupe. Rangi ikakaukia kwenye brashi mkononi mwake, doa likiwa bado jeupe.